Mbao ya ubao wa freti wa gitaa la umeme: mwongozo kamili wa kuchagua ukiwa Dar es Salaam

Swali ni lile lile: "Niweke mbao gani kwenye shingo ya gitaa langu?" Anayeuliza mara nyingi ameshajaribu mara moja. Ubao wa freti, yaani ule unaobandikwa juu ya shingo na kubeba freti (vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni), umebanduka masika ilipoingia, au ncha za freti zimeanza kuchana kiganja, au "mpingo" alionunua umeacha weusi kwenye vidole katikati ya shoo.

Hayo yote matatu hayatokani na kukosea aina ya mbao. Yanatokana na kuchagua jina bila kukagua kipande. Mpingo mbichi ni mbaya kuliko mninga mkavu, na huo ndio msimamo wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu.

Nimewaandikia wanaobadilisha ubao wa freti au wanaoundiwa gitaa jipya na fundi wa hapa mjini. Kama unanunua gitaa lililokamilika dukani, soma hatua ya 1, ya 2 na ya mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja
- Rula ya chuma iliyonyooka, ya sentimita 60 ukiipata
- Kalipa (kifaa cha kupimia unene), hata ile ya bei ya chini
- Spiriti kidogo na kitambaa cheupe cha pamba
- Tochi ya simu
- Msasa namba 120, 240 na 400
- Asetoni safi
- Gundi ya epoksi ya sehemu mbili
- Klampu zisizopungua sita
- Barakoa ya vumbi ya fundi. Ya kitambaa haitoshi
- Mshumaa

Mizani ndiyo ya muhimu kuliko vyote. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hiyo.

## Hatua ya 1: Sauti iweke pembeni kwanza

Utasikia kwamba mbao ya mepo inatoa sauti kali, rozwudi sauti ya joto, eboni sauti safi. Kwenye gitaa la umeme, pikapu inasoma mtikisiko wa uzi wa chuma juu ya sumaku. Ubao wa freti una mchango, lakini ni mdogo ukilinganisha na pikapu, nyuzi, urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti na amplifaya. Ukibadilisha nyuzi zilizochoka utasikia tofauti kubwa kuliko ukibadilisha ubao.

Kwa hiyo uliza mambo ambayo ubao unayaamua kweli: vidole vinateleza vipi, unavumilia vipi jasho, utashika freti kwa miaka mingapi, na shingo itatulia au itayumba hali ya hewa ikibadilika.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja unataka ubao ufanye nini. Mfano: "Napiga solo, navuta nyuzi sana, natoka jasho, gitaa linalala chumba chenye kiyoyozi." Sentensi hiyo inamsaidia fundi kuliko kumwambia unataka sauti tamu.

## Hatua ya 2: Ubao mtupu au wenye vanishi?

Watu huruka hapa kwenda moja kwa moja kwenye majina ya mbao. Kidole kinachohisi "mepo" mara nyingi kinahisi vanishi iliyo juu yake.

Mepo ni nyeupe na hunywa uchafu. Ikiachwa tupu, jasho la Dar litaipa madoa ya kijivu yasiyotoka, ndiyo maana hupakwa vanishi. Vanishi hiyo huteleza vidole vikiwa vikavu na hunata vikilowa. Ukipiga ukumbini mlango wazi, feni moja jukwaani, utanielewa.

Rozwudi, eboni, mpingo na mpangapanga huachwa tupu kwa sababu zina mafuta yake au ni ngumu vya kutosha. Unahisi mbao yenyewe, na jasho halifanyi utando chini ya kidole.

Kwa mpigaji wa hapa, napendekeza ubao mtupu wa mbao ya giza. Isipokuwa una mepo iliyookwa kiwandani: joto limeipunguzia uwezo wa kunywa unyevu, kwa hiyo hutulia vizuri zaidi Pwani.

## Hatua ya 3: Zijue mbao zinazopatikana

Rozwudi ya India. Hii ndiyo kipimo cha wengine. Ugumu wa kutosha, inakatika vizuri kwa msumeno, fundi hapati shida nayo. Hapa inakuja hasa ikiwa ndani ya magitaa yaliyotoka nje. Ukipata shingo kuukuu yenye ubao mzima wa rozwudi, usiitupe.

Pau ferro, mbao ya Amerika Kusini. Ina rangi ya chokoleti isiyokolea, na ni laini kidoleni. Vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo fundi avae mikono mirefu.

Eboni. Ni nyeusi, ngumu na laini kwa kugusa. Haipendi hewa kavu ya ghafla na huweza kupasuka kwenye miisho. Viwandani mara nyingi hupakwa rangi ili iwe nyeusi sawasawa.

Mpingo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo mbao yetu na ndiyo inayotusumbua.

Mpingo, mti wa taifa, si jamaa ya eboni ya magitaa. Ni ndugu wa rozwudi, jenasi moja ya Dalbergia, na ndiyo mbao inayotengenezewa klarineti na obo duniani. Ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukishapigwa msasa namba 400 na kusuguliwa kwa kitambaa, unang'aa wenyewe bila vanishi. Jasho halina pa kuingilia.

Shida yake ni mti wenyewe. Hukua polepole, umejipinda, una mafundo na nyufa za ndani. Kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 52 kisicho na ufa si kazi ya asubuhi moja. Weupe wa nje wa mti ukibaki pembeni mwa ubao, ukatae: ni laini, na huliwa na wadudu. Pili, unakauka taratibu mno. Mpingo uliokatwa juzi, hata ukiahidiwa vipi, si wa gitaa.

Mpangapanga. Kama sina mpingo mkavu mkononi, naenda hapa. Unatoka kusini, ni ndugu wa wenge, una mistari ya giza na kahawia iliyopishana. Ni mgumu na hunyooka vizuri. Una kasoro mbili: vibanzi vyake vinachoma, na vinyweleo vyake ni vikubwa, hivyo kidole kinavihisi. Vijaze kwa supaglu na vumbi la mpangapanga wenyewe, kisha msasa. Baada ya hapo ni ubao wa kazi.

Mkongo, ambao wengine wa Pwani huuita mbambakofi. Umetulia sana na ni mgumu wa kutosha. Una unga wa njano kwenye vinyweleo ambao ukilowa hutia doa kitambaa. Shati jeupe la bendi, kaa mbali.

Mninga. Hautanuki wala kusinyaa ovyo, ndiyo maana mafundi wa samani wa Keko wanaupenda. Ni laini kwa mtu anayevuta nyuzi kwa nguvu. Kucha zitachimba vishimo kati ya freti baada ya muda. Kwa gitaa la rithimu au la kujifunzia, sioni tatizo, hasa ukiupaka tabaka jembamba la epoksi.

Mvule na mtiki. Hapana. Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyong'oa meno ya msumeno wa freti. Mtiki ni laini na una mafuta yanayokataa gundi. Mlango mzuri, meza nzuri, ubao wa freti mbaya.

## Hatua ya 4: Kagua kipande mbele ya muuzaji

Omba kipande cha urefu wa sentimita 52, upana wa 7, unene wa milimita 8. Kikubwa zaidi ni sawa. Chini ya milimita 7 usichukue, kwa sababu bado kuna kupiga randa na kuweka mgongo wa mviringo.

Kipime uzito. Zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, upate ujazo. Kipande cha vipimo hivyo ni sentimita za ujazo 291. Kikiwa kikavu kinatakiwa kuwa karibu na hivi:

- Mpingo: gramu 350 hadi 370
- Mpangapanga: karibu gramu 250
- Rozwudi ya India: karibu gramu 240
- Mepo: karibu gramu 205
- Mninga: karibu gramu 180

Sasa uone mizani inavyofanya kazi. Umeshikishwa kipande cheusi, unaambiwa, "Huu mpingo wenyewe kabisa, kaka." Mjibu kwa upole: "Sawa fundi, naomba niupime kidogo." Mizani ikisoma 220, mazungumzo yameisha. Hiyo ni mbao nyingine iliyopakwa rangi ya viatu. Ikisoma 280 kwa mninga, ni mninga mbichi umejaa maji.

Futa kwa spiriti. Lowesha kitambaa cheupe, sugua mgongo wa kipande na miisho yake. Weusi wa kiwi utatoka wote kwenye kitambaa. Mpingo halisi unaweza kuacha zambarau hafifu au kahawia, lakini mbao yenyewe inabaki ya giza. Ukikwangua kwa ncha ya kisu, ndani ni kahawia iliyokolea au nyeusi, si njano.

Subiri spiriti ikauke. Hapa ndipo nyufa zinapojifichua. Uso wa mbao hukauka kwa sekunde chache, lakini ufa mwembamba kama unywele hubaki umelowa, na unauona kama mstari mweusi unaong'aa. Pitisha tochi kwa pembeni. Ufa wa mwishoni unaweza kukatwa ukatupwa. Wa katikati, rudisha kipande.

Tazama mwisho wake. Mistari ya ukuaji ikisimama wima kama vitabu kwenye rafu, kipande kitatulia. Ikilala, kitajikunja kama sahani. Kwenye mpingo mistari ni migumu kuonekana, basi tegemea rula: ilaze kwenye uso wote, urefu na mshazari, uone mwanga unapita wapi.

Pa kutafuta? Wachongaji wa Mwenge huwa na masalia ya mpingo yaliyokaa miaka, na kwa kazi hii masalia ya zamani yana thamani kuliko gogo jipya. Kwa mninga, mkongo na mpangapanga, ulizia karakana za Keko na mabanda ya mbao ya Buguruni. Nenda asubuhi. Jioni kila mtu ana haraka na hakuna atakayekuvumilia na mizani yako.

### Karatasi

Mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukinunua kipande kimoja, omba risiti. Ukinunua shehena, omba uone hati ya kusafirishia.

Kuna jambo la pili linalowahusu wanaosafiri. Tangu Januari 2, 2017, aina zote za Dalbergia, mpingo ukiwemo, ziko kwenye orodha za udhibiti za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu Novemba 26, 2019, ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zenye rozwudi ya Brazili ambayo udhibiti wake ni mkali zaidi. Maana yake, gitaa lako la mpingo unaweza kusafiri nalo bila kibali cha CITES. Mbao ambazo hazijaundwa kuwa ala, za kumtumia rafiki Ulaya, ni habari nyingine. Hizo zinahitaji vibali.

## Hatua ya 5: Kausha, kisha kausha tena

Hatua hii inakimbiwa na wengi, na ndiyo inayoua kazi nyingi.

Mbao haiachi kupumua. Kivulini hapa Pwani hutulia ikiwa na maji ya takribani asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa, hushuka kuelekea 10 au chini. Ubao ulioundwa ukiwa na 15 kisha ukahamia studio yenye kiyoyozi, au ukapelekwa Dodoma, utasinyaa kwa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Kwa hiyo ncha zake zinatokeza pembeni, na kiganja chako ndicho kinachogundua.

Fanya hivi:

1. Yeyusha mshumaa, chovya miisho miwili ya kipande. Maji hutoka haraka zaidi miishoni, na hapo ndipo nyufa huanzia. Nta isiguse uso wa ubao, maana gundi haitashika.
2. Laza kipande juu ya vijiti vitatu, ndani ya nyumba, hewa ipite juu na chini. Weka kitu kizito juu yake.
3. Kipime kila wiki, siku ile ile. Andika gramu kwa penseli kwenye mbao yenyewe.
4. Uzito ukitulia, kihamishie kwenye chumba gitaa litakakoishi. Endelea kupima.

Onyo: usianike juani, na usiweke juu ya bati hata dakika kumi. Uso utakauka kabla ya ndani na kipande kitapasuka mbele ya macho yako. Mpingo ndio mkali zaidi kwa hilo.

Umefaulu gramu zisipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, na rula ikilala bila mwanga kupita. Kipande kilichojipinda wakati wa kukauka kimekuonyesha tabia yake mapema. Mshukuru Mungu hukukibandika.

Masika yakikukuta katikati, uzito utapanda tena. Hiyo ni kawaida. Subiri.

## Hatua ya 6: Jaribu gundi kwenye masalia

Mpingo na rozwudi zina mafuta. Gundi ikiwekwa juu ya mafuta inashika mafuta, haishiki mbao.

Piga msasa namba 120 upande wa kubandika, futa kwa asetoni hadi kitambaa kisitoke na rangi nyingi, kisha bandika mara asetoni inapokauka. Ukiacha hadi kesho, mafuta yatarudi juu. Asetoni iwe safi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha huchanganywa na mafuta na manukato, na thina ya rangi huacha utando.

Gundi nyeupe ya mbao inashika, lakini ina maji, na ubao mwembamba ukinyweshwa maji upande mmoja hujikunja. Kwa mpingo natumia epoksi inayokauka taratibu, ya saa kadhaa. Ile ya dakika tano achana nayo, hutamaliza kufunga klampu.

Bandika vipande viwili vya masalia, acha siku nzima, kisha vitenganishe kwa patasi. Mbao ikichanika na kuacha nyuzinyuzi upande wa pili, gundi imekubali. Vikiachana vikiwa visafi kama kioo, rudia kusafisha.

## Hatua ya 7: Mifereji ya freti kwenye mbao ngumu

Vaa barakoa. Vumbi la mpingo huwasha macho, pua na ngozi, na ukishapata mzio hauondoki kirahisi.

Mepo na mninga hubonyea kidogo freti inapogongwa. Mpingo haubonyei. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko mguu wa freti, kila freti inakuwa kabari ndogo, na kabari 22 zikijipanga zinaikunja shingo kwenda nyuma. Wengi hapo hulaumu nondo ya ndani ya shingo, wanazungusha ufunguo wa alen hadi nondo inakatika.

Pima mguu wa freti kwa kalipa, bila vile vimeno vya pembeni. Mara nyingi ni kati ya milimita 0.5 na 0.6. Kata mfereji mmoja kwenye masalia, gonga freti moja. Iingie kwa nyundo ndogo bila kupigiwa kelele, ikae, isiinuke mwisho. Ikihitaji nguvu, panua mfereji. Ikiingia kwa kidole, ni pana mno. Tone la supaglu litasaidia, ila rekebisha msumeno kabla ya kuendelea.

Kwenye mpangapanga, pitisha tupa ndogo juu ya kingo za mfereji kabla ya kugonga. Vinginevyo siku ya kutoa freti zitang'oka na vibanzi.

## Hatua ya 8: Baada ya kufunga

Acha shingo na nyuzi zake kwa wiki mbili kabla ya kufanya marekebisho ya mwisho. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, tazama uwazi juu ya freti ya 7 au 8. Uwazi mdogo wa unene wa karatasi chache ni sawa. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, au uwazi ukifika milimita moja, zungusha nondo robo mzunguko, subiri hadi kesho, pima tena.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Ncha za freti zisihisiwe. Rudia kipimo hicho masika yakiisha na tena Januari, hata kama gitaa halijalalamika.

Kwa aliyenunua gitaa zima dukani, fanya mambo matatu hapo hapo: kiganja pembeni mwa shingo, macho kutoka kichwani kuelekea daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa) kuona kama shingo imenyooka, na kitambaa cheupe kwenye ubao wa giza. Rangi kidogo kutoka si kosa, viwanda vingi hupaka. Rangi nyingi kutoka ina maana mbao ya chini ni ya njano, na bei ishuke.

Usafi: futa jasho kila ukimaliza kupiga. Ubao mtupu upake mafuta ya madini mara mbili kwa mwaka, matone machache kwenye kitambaa, dakika tano, kisha futa yote. Mafuta ya kupikia huchacha na kunuka. Mpingo unaweza kukaa mwaka mzima bila kuhitaji kitu, na mepo yenye vanishi inafutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu.